Vipimo Ishirini na Nane vya Mkono wa Mama Yako

Kwako Nekesa, binti ya dada yangu,

Kabla sijasema lolote, watu wajue unaandikiwa na nani. Unaandikiwa na mtu ambaye bila yeye sayansi ya Texas ingekuwa imelala mpaka leo. Sisemi kwa kujisifu. Ni mimi niliyekupokea uwanja wa ndege wa Dallas, ukiwa na sanduku moja na koti zito la baridi katikati ya mwezi wa nane. Ni mimi niliyekuendesha hadi Houston kwa gari ambalo mafundi watatu walikuwa wameshaapa halitatoka hapa kwangu Lewisville. Na ni mimi, kwa kidole hiki, niliyewasha ile kompyuta yako ya kwanza pale chuoni. Ulibonyeza mara mbili ikakataa. Nikabonyeza mimi, ikaamka. Kila sumaku uliyoiigiza kwa hesabu humo ndani tangu siku hiyo, hesabu na mimi nimo.

Barua hii naiandika wazi, mbele ya watu wote wanaotufahamu huku Dallas na huko Houston, kwa sababu simu zangu hushiki na ujumbe wangu unabaki na tiki moja ya kijivu. Na kwa sababu nyingine ambayo nitaifikia. Nisubiri kidogo. Unanijua, mimi sifiki haraka.

Nakumbuka Jumamosi ile ya mkutano wa wanasayansi kule Richardson. Ulikuja na bango lako limekunjwa ndani ya bomba la karatasi, mkalibandika ukumbini pamoja na mabango ya wanafunzi wenzako. Nilivaa suti yangu ya kahawia nikasimama kando yako kama mlinzi wa benki. Kanisani nilikuwa nimeaga kwamba naenda kuhutubia wanasayansi. Nikaanza kulisoma bango. Kiingereza chake kilikuwa kigumu, lakini neno moja nililielewa, nalo lilikuwa juu kabisa kwa herufi kubwa: makosa. Damu ilinipanda. Nikakuvuta pembeni.

"Nekesa, nani amekulazimisha kuandika makosa yako ukutani?"

"Anko, ndiyo kazi yenyewe."

"Kazi yenyewe ni makosa? Miaka minne?"

"Kazi yenyewe ni kujua kosa langu lina ukubwa gani. Shusha sauti, tafadhali."

Kabla sijakujibu akaja profesa mmoja mzee, mwenye ndevu nyeupe na viatu vya kupandia mlima, akauliza kosa lako kwenye ile nukta ya katikati ni kiasi gani. Nikamwahi. Nilimwambia kwa Kiingereza changu safi kwamba ukoo wetu haukosei, aandike sifuri. Mzee yule alicheka mpaka akashika meza. Wewe ulifunika uso kwa mikono miwili. Halafu ukamwonyesha vile vimstari vidogo vinavyosimama juu na chini ya kila nukta, ukamweleza kwa upole, naye akaacha kucheka akaanza kuandika. Tulipokuwa tunarudi kwenye gari ukaniambia maneno ambayo sasa yananikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ulisema, "Anko, mtu akikuletea namba bila kukuambia anaweza kuwa amekosea kwa kiasi gani, usimwamini, hata kama ni mimi."

Nilikuambia umeongea kama mimi nilipokuwa na umri wako.

Halafu mama yako akaja. Dada Rispa alifunga safari kutoka Kitale ili akuone ukitetea tasnifu yako, akafikia kwangu Lewisville, maana chumba chako cha Houston mlikuwa wawili, wewe na Furaha, yule binti wa Bukavu. Unakumbuka wikendi yako ya kwanza naye? Alikuwa ameketi jikoni kwangu anachambua maharagwe, mekundu na meupe yakiwa yamechanganyika, akakuuliza swali ambalo mimi kwa miaka minne sikuwahi kuuliza kwa sababu nilikuwa nimeshawaambia watu kwamba najua jibu.

"Hivi wewe mtoto, kule Houston unafanya nini hasa?"

Ukamnyang'anya sinia. Ukapanga maharagwe mezani kwa mistari, kama vigae vya bafu, ukasema kila punje ni sumaku ndogo. Nyekundu inaangalia juu, nyeupe inaangalia chini. Kila punje inawatazama majirani zake wanne na inapenda kufanana nao. Kukiwa na baridi, wote wanakubaliana, meza nzima inakuwa nyekundu, na hapo ndipo chuma kinakuwa sumaku. Kukiwa na joto kali, kila mmoja anafanya fujo zake, na usumaku unapotea. Kama maji na barafu, ulisema, kuna kiwango cha joto ambapo hali moja inageuka kuwa nyingine. Wewe ulikuwa unakitafuta kiwango hicho kwa kompyuta, kwa meza yenye mamilioni ya maharagwe.

"Haya ni ya kupika ama ni ya chuo?" mama yako akauliza.

"Ngoja kidogo, Mama, ndiyo tunafika penye shida."

Ukatuonyesha penye shida. Karibu na kile kiwango, maharagwe hayakubaliani yote wala hayafanyi fujo. Yanashikana mitaa mitaa, mtaa mkubwa mwekundu hapa, mtaa mkubwa mweupe pale, na mitaa hiyo haitaki kuhama. Unaipiga picha meza, unasubiri, unapiga nyingine, na ni kama picha ile ile. Ukachukua punje moja ukaigeuza, ukatutazama. Meza ilikuwa haijabadilika.

"Sasa nikipiga picha elfu moja za namna hii," ukasema, "nikazihesabu kama mashahidi elfu, hesabu itaniambia kosa langu ni dogo sana. Kimstari kitakuwa kifupi, kizuri. Na kitakuwa uongo. Nina shahidi mmoja aliyerudia maneno yake mara elfu."

Mimi nikasema hilo ni jambo rahisi, nalijua tangu utotoni. Nikatoa mfano. Nikasema kwamba pale Arlington, kwenye harusi ya mwaka ule, watu hamsini walithibitisha kwamba hakuna mtu Marekani anayechoma mbuzi kunishinda.

"Hamsini, Anko?"

"Hamsini kamili. Nilihesabu."

"Walikuwa wamekaa wapi?"

"Meza yangu na mbili za jirani."

"Nani alisema wa kwanza?"

Nikageukia sufuria. Mama yako ndiye aliyejibu, bila kuinua macho kwenye maharagwe: "Yeye mwenyewe." Mlicheka nyinyi wawili mpaka sufuria ikachemka ikamwagika. Mama yako alielewa sayansi yako kwa dakika ishirini, Nekesa. Aliishia darasa la nne, na alielewa. Alikuuliza, basi unajuaje kimstari cha kweli? Ukamwambia unazifunga picha kwenye mafungu. Unachukua wastani wa kila fungu, halafu unatazama mafungu yanatofautiana vipi. Unaongeza urefu wa fungu, na kosa linakua. Unaongeza tena, linakua tena. Mpaka fungu liwe refu kiasi kwamba la leo halikumbuki la jana, na hapo kosa linaacha kukua. Hilo ndilo unaliandika, hata kama ni kubwa, hata kama linakuaibisha.

"Kwa hiyo kimstari kifupi sana kinakufurahisha?" akauliza.

"Hapana, Mama. Kikiwa kifupi sana pale penye shida, ndipo ninapoogopa."

Hii ndiyo picha ya mama yako niliyobaki nayo. Naiweka hapa ili uione kabla ya hiyo nyingine.

Presha yake ilikuwa ya siku nyingi, wewe wajua. Dawa alizokuja nazo ziliisha, tukaenda kliniki, daktari akambadilishia. Yule nesi kijana akatupa mashine ndogo ya kupimia nyumbani. Akaiweka saa na tarehe mbele yetu, akatupa na karatasi yenye visanduku. Kila asubuhi na kila jioni, wiki mbili. Visanduku ishirini na nane. Alituambia kwa Kiswahili cha kwao Kisii, polepole, kwamba presha inapanda na kushuka, kwamba anataka kuiona ikiwa imeamka, ikiwa imechoka, ikiwa imekasirika, ndipo daktari ajue kama dawa mpya inamtosha. Mama yako macho yake hayakuona zile namba ndogo. Kazi ikawa yangu. Nikamwambia nesi asihofu, huko nyumbani hospitali nzima ilikuwa inaniita mimi kwanza kabla ya daktari.

Sasa nimefika, Nekesa.

Wiki mbili zile sikumpima hata siku moja. Asubuhi iliyofuata, saa chache kabla ya kurudi kliniki, karatasi ilikuwa nyeupe kabisa. Mama yako alikuwa ametoka kunywa chai na dawa yake, ametulia kwenye kochi. Nikamfunga ule mkanda mkononi nikabonyeza. Nikaandika. Nikabonyeza tena. Nikaandika. Mara ishirini na nane, bila kumwondoa pale, bila kumfungua mkono. Namba zilikuwa nzuri, zinafuatana kama ndugu. Katikati akaniuliza, "Wafula, mbona wanibana hivi mara nyingi? Mkono umekufa ganzi." Sikumjibu. Nilipomaliza mkono wake ulikuwa na alama nyekundu juu ya kiwiko. Akausugua, akanyanyuka kwenda kuvaa viatu.

Tarehe na saa nilizitunga mwenyewe. Hilo nataka ulisome mara mbili. Niliandika saa moja na dakika kumi, saa moja na robo, saa mbili kasoro dakika tano, ili ionekane ni maisha ya mtu. Na nilitumia kalamu mbili, ya buluu na nyeusi, nikibadilisha kila baada ya visanduku vitatu vinne, ili ionekane ni siku tofauti. Hata nilidondosha tone la chai pembeni. Nikapiga picha karatasi nikakutumia Houston, nikijisifu jinsi nilivyo mwangalifu.

Ulinipigia baada ya nusu saa. Ulikuwa umeziingiza kwenye kompyuta yako, ukatafuta wastani na kosa. Nakumbuka kila neno.

"Anko, hizi namba zinafanana mno. Una uhakika mashine ni nzima?"

"Mashine ikiwa mikononi mwangu, haithubutu kuharibika."

"Na ulimpima asubuhi na jioni? Siku zote?"

"Nekesa, unamuuliza nani maswali hayo? Unajua naongea na watu wangapi wanaonitegemea?"

Ukacheka. Ukasema, "Sawa basi. Mama yuko vizuri. Nilikuwa nije wikendi hii, lakini acha nimalize sura ya mwisho." Daktari naye aliitazama karatasi, akasema dawa inamfaa, tuendelee nayo vilevile.

Siku ya tano baada ya hapo, asubuhi, alianguka mbele ya jiko. Kiharusi. Ulikuja kwa basi, ukamkuta hospitalini hawezi kusema, ukashika ule mkono. Siku nne, akatutoka. Tukamzika Mansfield, huku huku Texas, mbali na Kitale, kwenye nyasi zilizokatwa fupi kama kichwa cha mwanajeshi. Na pale pale kaburini, watu wakiwa bado wanaimba, ukaniambia, "Anko, duniani nina kazi moja tu. Kutazama namba na kujua kama zinanidanganya. Za mama yangu nilizitazama nikasema sawa." Nilikushika bega nikakuambia ni mipango ya Mungu. Ungenitemea mate ningestahili.

Furaha ndiye anayenipa habari zako. Wiki iliyopita aliniambia, "Tonton, hafungue tena ordinateur. Anaenda ku kazi, anarudi, analala." Kwao Kongo tonton ni anko, na ordinateur ni kompyuta. Kazi gani, nikauliza. Akasema unapanga vifurushi kwenye ghala. Nikauliza tasnifu. Akasema umemwandikia profesa wako kwamba unaacha, kwamba mtu ambaye hakuliona kosa lililo mbele ya macho yake hana haki ya kuandika kitabu kizima kuhusu makosa. Bado sura moja. Moja, Nekesa.

Basi nisikilize mimi, ambaye sikumaliza kidato cha pili, nikufundishe kazi yako kwa mara ya kwanza ya kweli. Yale mafungu yako yanahitaji kitu kimoja. Yanahitaji kujua kila picha ilipigwa lini. Ukijua lini, unaweza kujua ipi imemkumbuka nani, unaweza kukata fungu refu, unaweza kulikamata kosa. Mimi niliiba hiyo lini. Nilikupa dakika hamsini za asubuhi moja nikazivalisha nguo za wiki mbili. Hakuna profesa, si yule wa viatu vya mlima wala mwingine yeyote, angelikamata kwenye ile picha ya simu. Na bado wewe ulilinusa. Uliogopa kimstari kifupi, kama ulivyomwambia mama yako. Uliuliza maswali mawili, na yote mawili yalikuwa ndiyo yenyewe. Aliyedanganya ni aliyejibu.

Usiniamini kwa maneno. Umenifundisha hivyo. Mashine nimempa Furaha akuletee. Ina kitufe cha kumbukumbu pembeni, mimi mwenyewe nilikigundua juzi tu. Kibonyeze. Utaona vipimo ishirini na nane vya tarehe moja, kimoja baada ya kingine, dakika mbili mbili. Halafu utaona cha ishirini na tisa. Hicho si changu. Ni cha ile asubuhi aliyoanguka, saa tatu kasorobo. Mimi nilikuwa nje kwenye gari nasikiliza redio. Alijifunga mkanda mwenyewe, kwa mkono mmoja, akabonyeza mwenyewe, na nadhani aliikodolea macho ile namba asiweze kuisoma. Ni kubwa sana. Nimeitazama mara nyingi, na nakuonya uketi chini kabla hujaitazama.

Sijui kama angepona. Ningepima vizuri, daktari angeona, angeongeza dawa, labda. Labda si kitu ninachoweza kukukatia mafungu. Sikuombi unisamehe na sitakuja Houston usiponiita. Nakuomba ufungue kompyuta. Mwandikie profesa leo kwamba hujaacha. Nimeyaandika haya hadharani ili mtu yeyote akikuambia hukuona, umwonyeshe barua ya mjomba wako.

Na wale watakaoniuliza kwa nini sikupima, nimekuwa nikiwajibu kwamba ni kazi, kwamba ghala zima la Lewisville linanitegemea mimi. Zamu yangu huanza saa nane mchana. Kila asubuhi nilikuwa nyumbani, hatua sita kutoka kwa mama yako, namsikia akikohoa.

Nilikuwa nimemnunia. Jumapili ile kabla ya visanduku kuanza walikuja wageni kutoka kanisani, nikawasimulia jinsi nilivyoua chui kwa panga nikiwa na miaka kumi na miwili, na walikuwa wananisikiliza vizuri kabisa, mpaka mama yako akaropoka kutoka jikoni, "Chui gani, Wafula? Si yule paka wa Mzee Simiyu? Na ulilia mpaka jioni." Nyumba nzima ilicheka. Sikuongea naye tena. Siku kumi na tisa, chumvi nikiomba kwa kidole, na alianguka kabla sijaacha kununa.

Alikuwa paka, Nekesa. Hata sikumuua. Alinikwaruza akakimbia, na ni kweli nililia.

Mjomba wako, ndugu pekee wa mama yako,
Wafula